Vioo vya rangi juu ya mlango wa bibi, Kiponda: shajara ya mradi

Jumamosi, 11 Januari 2025: kupima na kubandua

Juu ya mlango wa nyumba ya marehemu bibi, Kiponda, Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna nusu duara ya vioo vya rangi. Upana wake sentimita 118, kimo 59. Fremu ni ya mvule, ina miale tisa inayotawanyika kutoka katikati, na katikati penyewe kuna nusu duara ndogo ya sentimita 24 kutoka kitovu hadi ukingo. Miale mitano bado ina vioo vyake vya zamani. Miwili imezibwa kwa plaiwudi, mmoja kwa bati, na mmoja una kioo cheupe kilichopakwa rangi ya mafuta. Ile nusu duara ndogo imekuwa tundu tupu tangu kabla sijazaliwa, na popo wanaijua.

Shangazi, ambaye ndiye anayeishi pale sasa, amekubali niifanye kazi hii kwa sharti moja: mlango usikae wazi usiku hata mmoja. Kwa hiyo kila nilichotoa leo nimekiziba kwa plaiwudi kabla ya magharibi. Kibali cha ukarabati nilikiomba mwezi uliopita. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na sura ya nje ya nyumba haibadilishwi kiholela. Miale itarudishiwa rangi zake. Pale katikati, ambapo hakuna anayekumbuka palikuwa na nini, nimechora kikonyo cha mkarafuu: majani sita na vichwa vitano vya karafuu.

Naandika kila hatua kwa sababu nilipotafuta maelezo ya kazi hii kwa Kiswahili nilipata ya kukata kioo cha dirisha tu. Atakayetaka kuifuata, makosa yangu yote yatakuwa hapa pamoja na bei zake.

Kubandua puti ya zamani kumechukua saa tano. Imekuwa ngumu kama jiwe. Usiigonge kwa patasi, kioo kitaondoka nayo. Nililainisha kwa kipulizia hewa moto huku nimekinga kioo kwa ubao uliofungwa foili ya jikoni, nikakwangua kidogo kidogo.

Kioo chekundu cha mwale wa tatu kilinishughulisha kwa muda mrefu. Nilipokigeuza na kukitazama kwa ukingo, hakikuwa chekundu. Kilikuwa cheupe chenye ukijani kidogo, na juu yake utando mwekundu mwembamba kama ukurasa wa kitabu. Vioo vingi vyekundu vya zamani vilitengenezwa hivyo, kwa kuwa wekundu wa unene mzima ungekuwa giza tupu. Upande wenye utando ukiukwaruza, unapata mstari mweupe usiofutika. Nimeutia alama kwa kalamu ya kuandikia kioo.

Jumamosi, 25 Januari: kununua na kukata

Vioo vya miale minne nilivipata kwa mtu anayeuza mabaki ya nyumba zilizobomolewa: viwili vya buluu, kimoja chekundu, kimoja kijani, jumla shilingi 60,000. Vipande vya njano na kijani kibichi kwa ajili ya majani niliagiza Dar es Salaam, 120,000.

Onyo kwa mnunuzi. Muuzaji mmoja alinionyesha kioo kizuri cha zambarau kwa bei ya chini mno. Nilikikwaruza pembeni kwa ukucha, rangi ikatoka kama ganda la kitunguu. Kilikuwa kioo cha kawaida kilichobandikwa karatasi ya plastiki. Tazama ukingo kila mara. Rangi ya kweli huonekana hadi ndani, au huonekana kama ule utando niliousema.

Kukata. Mafundi vioo wa mtaani hukata mistari iliyonyooka siku nzima bila kuharibu kitu, na wa kwanza kunifundisha alikuwa mmoja wao. Lakini majani yana mikunjo ya ndani, na hapo ndipo nilipovunja vipande saba siku ya kwanza. Makosa yalikuwa matatu.

La kwanza, nilipitisha almasi (kikatio cha kioo) mara mbili juu ya mstari mmoja nikidhani ninaongeza kina. Mkwaruzo mmoja tu ndio unaofungua kioo. Wa pili unakichanachana, nacho kitapasuka kinakotaka chenyewe, na gurudumu la almasi linakufa. Sikiliza sauti. Ukibonyeza vizuri utasikia mchaniko laini usiokatika, kama kitambaa cha hariri kinapopasuliwa. Ukisikia chembe zinaruka, umebonyeza kupita kiasi.

La pili, nilikata vipande vingi kwa mfululizo nikaviacha nivivunje baadaye. Mstari ukikaa unapoa, na kioo kinakuwa kigumu kufunguka. Kwaruza, vunja, halafu nenda kwa kingine.

La tatu ndilo lililonila vipande vitano kati ya saba: nilitaka kuutoa mkunjo wa ndani kwa mpigo mmoja. Haukubali. Kwaruza kwanza ule mkunjo halisi, kisha kwaruza vijipinde viwili au vitatu ndani ya sehemu itakayotupwa, kama mwezi mwandamo mmoja juu ya mwingine, ukavitoa kwa praizi kimoja kimoja kuanzia cha nje. Tangu nilipofanya hivyo nimevunja kimoja tu.

Almasi yangu ina tangi dogo la mafuta (45,000) na ninaijaza mafuta ya taa. Kingo nasugua kwa jiwe la kunolea lililolowa maji (18,000). Kioo kikavu hakisuguliwi, vumbi lake linaingia mapafuni na halitoki.

Jambo moja kuhusu kiolezo, nalo nalisisitiza. Kata mistari ya karatasi ukiacha nafasi ya chuma kitakachopita katikati ya vipande: karibu milimita moja mahali pa utepe wa shaba (unaobandikwa kwenye kingo za kioo kisha unalehemiwa), na karibu mbili kasoro mahali pa fito za madini ya risasi (zenye mfereji kila upande wa kushikia kioo). Nilisahau upande wa kushoto wa mchoro, na vipande vilipokaa pamoja nusu duara ilikuwa imezidi kwa milimita tisa. Nimesugua jioni mbili kuirudisha.

Jumamosi, 8 Februari: tanuri, jaribio la kwanza, limeshindwa

Vichwa vya karafuu sikutaka viwe bapa kama majani. Nilitaka visahani vya kioo kilichoyeyushwa, sentimita sita kila kimoja, vyenye tumbo. Chupa ya rangi ya kahawia ukiishika juani inatoa rangi ya asali, na ni rangi ileile ya karafuu iliyokauka nusu. Chupa za bia kwetu hurudishwa kiwandani na huwekewa amana, kwa hiyo nilichukua zile zisizorudishwa.

Tanuri ni la rafiki yangu mfinyanzi, liko mtaa wa Fuoni. Ni la umeme, dogo, mlango juu, lina kidhibiti cha kuweka hatua. Namlipa 20,000 kila ninapochoma, umeme ndani yake. Koili zake zimezunguka pembeni, si juu kama kwenye matanuri ya kioo, na hilo lina maana kubwa: ukingo wa kioo unapata moto kabla ya katikati. Ukipandisha haraka kinapasuka ukiwa hata hujafika nyuzi 300.

Mpango wangu ulikuwa kisahani cha kioo cheupe cha dirisha chini, na vipande vya chupa ya kahawia juu. Niliyeyusha, nikapoza, nikafungua asubuhi. Vilikuwa vizuri sana. Nilimpelekea shangazi, akaviweka dirishani.

Siku ya tatu usiku akasikia mlio mdogo jikoni. Asubuhi akaniita: "Mwanangu, kioo chako kimejikata chenyewe." Kweli. Ufa umezunguka kipande cha kahawia kama uliochorwa kwa bikari. Vingine viwili vikafuata wiki hiyohiyo.

Sababu ninaijua sasa. Kila kioo hutanuka na kusinyaa kwa kiasi chake. Cha dirisha kina chake, cha chupa kina chake, na hata chupa mbili zenye rangi moja kutoka viwanda viwili zinaweza zisilingane. Zikiwa za moto zinashikana bila ugomvi. Zikipoa, mmoja anavuta kuliko mwenzake, na mvutano huo unabaki humo ndani ukisubiri. Unaweza kusubiri siku tatu au mwaka mzima. Kama ningevipachika juu ya mlango, vipande vingemwangukia mtu.

Ndiyo maana mtu akikuambia wale mafundi vioo wa karakana iitwayo Shanga kule Arusha wanatumia chupa kuukuu na hawapati tabu, ujue wao wanaziyeyusha kabisa zikawa uji mmoja kisha wanapuliza. Sisi tunaobandika kipande juu ya kipande tuna sheria nyingine.

Jumapili, 16 Februari: namna ya kuuona mvutano

Hili ndilo jambo lenye faida kuliko yote katika shajara hii, na halikunigharimu kitu.

Unahitaji kompyuta ya mapakato na miwani ya jua ya aina inayoua mng'ao (polarized). Fungua ukurasa mweupe ujaze skrini. Vaa miwani, inamisha kichwa upande mmoja taratibu. Kama miwani ni ya aina hiyo, kuna mahali skrini itakuwa nyeusi. Bakia hapo. Sasa weka kioo chako kati ya macho na skrini. Kioo kilichotulia hakionekani, kinabaki giza kama skrini. Kioo chenye mvutano kinawaka: mwanga mweupe unazunguka kile kipande kigeni mfano wa mbalamwezi nyuma ya wingu. Mwanga ukiwa mkali, kitapasuka.

Nilichukua kile kisahani kimoja kilichokuwa bado kizima. Kiliwaka kila pembe. Usiku huohuo kikapasuka.

Kwa hiyo kuchoma kwa pili kulikuwa kwa kupima tu. Nilikata kigae cha kila chupa niliyokuwa nayo, nne kwa jumla, nikaweka juu yake chembe za zile nyingine, nikayeyusha na kupoza polepole. Chupa mbili za kahawia za chapa moja zilikaa giza kabisa. Chupa ya tatu, ya kahawia pia na kwa macho huwezi kuitofautisha, ilitoa mwanga hafifu. Ya kijani iliwaka. Nimeamua kila kisahani kitoke kwenye chupa moja, bila kuchanganya.

Jumamosi, 22 Februari: ukungu

Kuchoma kwa tatu. Visahani vimeshikana, mvutano hakuna, lakini juu vimepata ukungu kama bilauri iliyokaushwa bila kusuuzwa. Ukipitisha kidole unahisi ukavu. Ukungu huo ni kioo kilichoanza kugeuka fuwele, na kioo cha chupa hupenda sana kufanya hivyo kikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 700 na 760 hivi. Mimi nilikuwa nimepanda taratibu njia nzima, nikidhani upole ni salama kila mahali. Uchafu nao unachangia: alama za vidole, gundi ya lebo, chumvi ya maji ya bomba.

Nimebadilisha mambo matatu. Vipande nimeviosha kwa sabuni, nikavisuuza kwa maji ya chupa, nikavipangusa kwa spiriti, na baada ya hapo havikuguswa bila glavu. Nikaenda kwa sonara, nikanunua boraksi anayotumia kulehemu dhahabu, nikaikoroga kijiko kidogo katika maji moto na kupaka utando mwembamba juu ya kioo. Na nikaupita ule ukanda kwa mbio.

Ratiba iliyofaulu, kwa tanuri la koili za pembeni na visahani vya milimita sita:

Nyuzi 120 kwa saa hadi 540, kaa dakika 20. Nyuzi 100 kwa saa hadi 660, kaa dakika 40, hapa hewa iliyonaswa kati ya vipande inatoka. Kisha haraka uwezavyo hadi 820, kaa dakika 12. Acha lishuke haraka lenyewe hadi 550, kaa saa nzima, hapa kioo kinatulia na mvutano unaondoka. Nyuzi 60 kwa saa hadi 430, nyuzi 100 kwa saa hadi 300, zima. Usifungue kabla ya nyuzi 50, hata kidogo, hata kuchungulia.

Rafu ya tanuri nimeipaka kaolini, ule udongo mweupe utokao Pugu, ambao rafiki yangu anao kwa vyungu vyake, ili kioo kisigande kwenye rafu. Lazima uipake upya kila unapofika joto la juu. Mara ya tatu nilitumia utando wa mara ya pili, ukaganda chini ya kioo kama ngozi ya maziwa. Uliondoka baada ya kulala usiku mzima ndani ya siki.

Nyongeza. Kuchoma kwa nne, Jumatano tarehe 26: visahani vitatu, safi, vinang'aa.

Ijumaa, 28 Februari: umeme umekatika

Visahani viwili vya mwisho vilikuwa tanurini. Umeme ukakatika saa nane usiku, tanuri likiwa linashuka, kidhibiti kilionyesha mara ya mwisho 590. Rafiki yangu alinipigia simu akiwa na wasiwasi, anataka kufunua aone. Nilimwomba asifungue wala asiguse. Alirundika mablanketi ya zamani ya sufi ya tanuri juu ya mlango na kuzunguka ubavu, akaliacha.

Umeme ulirudi alfajiri. Ndani kulikuwa nyuzi 210. Maana yake kioo kimepita mahali pake pa kutulia bila kutulia. Tuliacha lipoe hadi mwisho. Kimoja kilikuwa na ufa. Kimoja kizima, lakini mbele ya skrini kiliwaka chote kwa mwanga wa mawingu.

Nyongeza, siku chache baadaye. Kizima hicho kimepona, na watu wengi wangekitupa. Nilikirudisha tanurini, nikapandisha nyuzi 80 tu kwa saa hadi 550, nikakaa saa moja na nusu, nikashuka kama kawaida. Nilipokiangalia tena kilikuwa giza tupu. Mvutano huondoka ukikipasha tena na kukipoza kwa heshima. Kilichopasuka nimekibadilisha kwa kuchoma kwa saba na kwa mwisho. Kuchoma mara saba ni 140,000, na mbili za hizo, ya kwanza na ya tatu, zimepotea bure.

Ramadhani imeingia. Nimeweka vifaa kando. Kulehemu risasi mchana wa saumu, koo limekauka na hakuna kunywa maji, sikuona ni busara.

Jumamosi, 12 Aprili: shaba na risasi

Fito za risasi, utepe wa shaba na kilo moja ya lehemu vililetwa na binamu yangu kutoka Uingereza, 310,000. Kwetu sikuzipata fito zenye umbo la H.

Nilikuwa nimepanga panelo yote ya katikati, yaani ile nusu duara ndogo, iwe ya risasi. Kosa: fito zangu zinameza kioo cha milimita nne, na visahani ni milimita sita. Hili ningelipima mwezi wa kwanza. Suluhisho ni kwamba kikonyo chote, majani na karafuu, kimefungwa kwa utepe wa shaba, utepe mpana zaidi kwa visahani, na kile kipande kizima kimezungukwa na fito za risasi pamoja na vioo vya usuli. Sijutii. Shaba inafuata mikunjo midogo ambayo risasi haiwezi, na risasi pamoja na simiti yake, ile puti laini ya kuziba mianya, inavumilia mvua kuliko shaba.

Utepe haukushika. Nilibandika majani sita, kesho yake yote yameinuka kingo. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na kioo kilikuwa na mabaki ya mafuta ya taa ya almasi. Sasa naosha, napangusa spiriti, nabandika palepale, nasugua kwa kalamu ya mti hadi utepe ulale kama ngozi. Na kilichobandikwa leo nalehemu leo. Shaba iliyolala siku nne kwangu iligeuka rangi na lehemu ikaikataa, ikajiviringisha kama maji juu ya jani la mgomba. Nilisugua kwa sufi ya chuma ndipo ikakubali.

Lehemu ya mafundi redio haifai. Ina utomvu ndani, unaacha weusi unaonata kila mahali. Tafuta lehemu tupu, bati 60 kwa risasi 40, na dawa yake uipake mwenyewe kwa brashi.

Kwenye fito za risasi niliharibu viungo vitatu kwa sekunde chache. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 na chuma cha kulehemu cha wati 100 kinafika juu ya hapo bila shida. Niligusa, na kiungo kikawa tundu. Fundi umeme wa jirani alinifungia chuma hicho kwenye dima ya taa, nikapata kukipunguza. Chuma na dima 70,000. Kabla ya kugusa kazi, jaribu kwenye kipande cha risasi cha kutupa: ukihesabu hadi tatu nayo haijabadilika sura, joto ni sawa. Na ufito wowote unyooshe kwanza. Bana ncha moja kwenye jiliwa, vuta ncha nyingine kwa praizi hadi uhisi umelegea kisha umekaza. Ukiuacha vile ulivyokuja umejikunja, panelo itakuja kuvimba baadaye.

Risasi ni sumu, na sitaki mtu aifanye kazi hii mezani pa chakula. Nimefanyia kibarazani, feni inapeleka moshi nje, watoto wa nyumba hawakuruhusiwa kupita. Nguo za kazi zinafuliwa peke yake. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa hata kikombe.

Jumamosi, 3 Mei: simiti ya vioo

Panelo ikishalehemiwa bado inacheza na inavuja. Inasuguliwa simiti laini chini ya midomo ya fito, mbele na nyuma: unga wa chaki, mafuta ya kitani, tapentaini kidogo, na masizi ili ipate weusi.

Nilinunua chokaa. Kwetu unga mweupe wa ujenzi ni chokaa na sikufikiri mara mbili. Chokaa si chaki. Ilipokutana na mafuta ikafanya mabonge, na baada ya nusu saa vidole vyangu vilikuwa vinawasha na ngozi inachubuka. Bahati nilikuwa najaribia kwenye pembe ya vioo vya kutupa. Tafuta unga wa chaki hasa, ule wa kutengenezea puti, na uvae glavu. Vitu vyote 38,000.

Uzito unaotakiwa ni wa uji wa mtama, si wa chai. Wa kwanza ulikuwa mwepesi, ukapenya na kutoka upande wa pili ukaacha vivuli nyuma ya majani, na kuvisafisha ni kazi ya kijiti cha meno. Baada ya kusugua, mwaga unga mkavu juu, usubiri unywe mafuta yaliyozidi, kisha piga brashi. Brashi hiyohiyo ndiyo inayoitia risasi ule weusi unaopendeza.

Masika haijaisha na simiti imegoma kukauka. Nilitegemea siku kumi, zimekwisha ishirini kabla haijashika. Panelo imelala bapa muda wote. Usiisimamishe mapema.

Jumapili, 1 Juni: kupachika

Seremala amebadilisha kipande cha fremu kilichooza chini kulia na kunitolea mbao za kubania, 80,000. Ni mzee aliyezoea milango ya Mji Mkongwe, na alinizuia kufanya kosa kubwa. Nilikuwa nimesugua kioo cha mwale wa sita kikakaa barabara, kimebana. Akakitoa. "Mvule unakunywa mvua, mwanangu," akasema, "utavimba ukikamue." Kila kioo sasa kina nafasi ya milimita mbili hadi tatu pande zote, imejazwa puti laini. Misumari ni ya shaba, ya chuma ingeoza kwa chumvi na kupasua mbao.

Nyuma ya panelo ya katikati nimepitisha fimbo ya shaba nyeupe kutoka ukingo hadi ukingo, na panelo imefungwa kwake kwa nyaya za shaba zilizolehemiwa kwenye viungo. Upepo wa kusi ukisukuma, hiyo ndiyo inayoushika. Misumari, nyaya na fimbo 22,000.

Mlango unatazama mashariki. Asubuhi ya leo shangazi aliniita saa moja na nusu nije nione dakani, ukumbini nyuma ya mlango. Rangi zilikuwa zimelala juu ya ukuta wa chokaa na ngazi mbili za kwanza: buluu, kijani, wekundu wa yale mapande ya zamani, na kati yao madoa matano ya asali. Visahani si bapa, kwa hiyo mwanga wake umejikusanya katikati na kufifia pembeni. Doa moja lilikuwa juu ya mkono wa shangazi alioushikilia ukuta, akawa anaufungua na kuufunga.

Jumla ya gharama: 903,000, bila kuhesabu muda wangu.

Jumamosi, 14 Juni: baada ya mvua ya kwanza

Juzi usiku ilinyesha mvua ya upepo. Asubuhi kulikuwa na tone moja kwenye kizingiti, chini ya mwale wa kwanza kushoto. Nilipitisha kisu, puti ya pale ilikuwa na uwazi wa urefu wa nusu ya kidole kwa sababu niliiweka mwisho, giza likiingia. Nimeikwangua, nimeujaza upya, nimeacha ikauke kabla ya kupaka rangi ya mafuta. Nilimimina ndoo mbili za maji kutoka dirisha la juu. Kizingiti kimekaa kikavu.

Mwale wa tisa una kioo cha zamani chenye ufa mfupi kwenye pembe. Haujasogea tangu Januari. Nimetia alama ya kalamu kwenye ncha yake nipate kujua ukianza kusogea.